Kizingiti cha Njia ya Ziwa

Bwana mwenye boti alisema hivi, mbele ya watu wasiopungua kumi, funguo zikiwa mkononi: "Mwenye hana miguu anatafuta nini ku maji?"

Kisha akacheka. Wawili watatu wakacheka naye, kwa sababu mwenye boti akicheka, katika mji wetu wa Baraka lazima apatikane wa kumsaidia. Yaya wangu alikuwa pale pale, hatua tatu kutoka kwake, amekaa kwenye kinga yake ya mikono. Alitengeneza kilemba chake tu. Mimi ndiye niliyejibu, ila nilijibu moyoni, na jibu lenyewe lilinichukua miezi saba kulimaliza.

Yaya kwetu ni ndugu yako mkubwa. Na kinga ya mikono ni baiskeli ya magurudumu matatu, unakaa kwenye kiti na kuzungusha pedali kwa mikono, mnyororo unavuta gurudumu la mbele. Miguu ya yaya ilikufa kwa ugonjwa akiwa mdogo, kabla mimi sijazaliwa. Baba alishuka naye mgongoni kutoka Fizi, huko juu mlimani, mpaka Baraka, kwa sababu aliambiwa huku chini kuna dawa. Dawa hakuikuta, ziwa alilikuta, na hakupanda tena.

Wapo watu wanaosamehe upesi, na mama yetu alikuwa mmoja wao. Mimi nimetoka upande wa baba. Baba alikataa mpaka kufa kwake kukanyaga nyumba ya mtu mmoja aliyemwita mwongo mbele ya wakwe zake, na siku mtu yule alipokufa baba aliuliza kwanza kama ni kweli ndipo akaenda kuzika. Basi anayenifanyia ubaya ajue ameuweka mahali pakavu, hauozi.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Kutoka kwenye avenyu yetu, yaani mtaa wetu, mpaka ziwani kuna kijia kilichonyooka, chenye udongo mgumu, hakina mawe wala mteremko mkali. Zamani njia za kushukia majini zilikuwa nyingi. Miaka ile ziwa lilipopanda likameza ufuko pamoja na nyumba za mbele, na lilipojirudi nyuma kidogo liliacha mashimo, kuta zilizoanguka na mchanga laini. Mwenye miguu anaruka, anapita. Kinga ya mikono hairuki. Kwa hiyo ilibaki njia moja tu kwa yaya, na njia hiyo ilipita katikati ya parseli mbili, viwanja vya nyumba. Yule bwana wa boti alikuwa na ya kushoto tangu zamani. Aliponunua na ya kulia, akaona na njia iliyo katikati ni yake.

Hakuifunga kabisa, hapana, ana akili. Alijenga ukuta, akaweka mlango wa chuma, na chini ya mlango akamwaga kizingiti cha mawe na simenti kinachofika gotini, eti kuzuia mbuzi na maji ya ziwa. Akatangaza kwamba mlango utakuwa wazi kuanzia alfajiri hadi magharibi, kila mtu apite kwa amani, yeye si mtu mbaya. Na watu wakamshukuru! Walikuwa wakiinua mguu, wanaruka kizingiti, na wanamwambia asante kwa kuwapa njia yao wenyewe.

Kabla ya kizingiti, kwa yaya kupita pale ilikuwa ndiyo safari ya siku. Baada ya swala ya alfajiri, kabla moto, yaani pikipiki, hazijaanza kelele na vumbi, tulikuwa tunatoka. Yeye anazungusha, mimi nasukuma. Tunafika pale mchanga ulipoloa ukawa mgumu, anafunga breki, anatazama ng'ambo, milima ya Ubwari, jua linapochomoza nyuma ya milima hiyo. Analowesha mikono, anajipaka usoni. Anamtafuta yule ndege mweusi na mweupe anayesimama hewani huku akipiga mabawa, halafu anajitupa majini. Ndege akimkosa samaki, yaya anamcheka, akimpata anampongeza. Robo saa, nusu saa. Tunarudi, tunakunywa chai, na mpaka jioni tunakaa kibarazani, mimi kwenye cherehani, yeye akishona vifungo na pindo, akiongea tangu asubuhi mpaka magharibi.

Kizingiti kilipokauka, yaya aliacha kuongea. Siku za kwanza kijana mmoja wa Ubwari, mfanyakazi wa boti za yule bwana, baba wa watoto watatu, mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, alikuwa akituona tumesimama pale. Akaja bila kuitwa. Akambeba yaya akamvusha, akarudi akaibeba na kinga. Asubuhi tatu alifanya hivyo. Siku ya nne alituona, akageuka upande, akajifanya anakunja nyavu. Nikajua amekatazwa. Hapo ndipo nilipomwendea bwana mwenyewe nikamwomba, kwa adabu zote, apunguze kizingiti kiasi cha gurudumu kupita. Ndipo aliponijibu yale niliyoyaeleza mwanzo.

Nilikwenda kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa. Akaniambia ataangalia. Nikarudi baada ya wiki, akasema bado anaangalia. Shefu wetu ni mtu mwema, lakini mwanawe anasafiri bure kwenda Kalemie kwa boti za yule bwana, na macho ya mtu wa namna hiyo huangalia taratibu sana. Nikaacha kumsumbua. Nyumbani yaya alikuwa amegeuza kiti, anatazama ukuta, chai inapoa. Nilimwuliza anataka nini. Alisema hataki kitu. Nilimwona anakauka hivi hivi mbele yangu, na nikaapa, wallahi, kwamba yule bwana atakilipia kile kizingiti kwa mikono yake mwenyewe.

Nikaanza na madogo. Niliacha kumsalimia, na hapa Baraka kutomsalimia jirani si jambo dogo, watu wanaanza kuulizana nani amekufa. Mke wake alileta kitenge cha harusi. Nilikishona vizuri, kazi ni kazi, ila nilibana makwapa kidogo. Harusini hakuweza kuinua mikono kupiga makofi. Najua haikuwa haki, mwanamke yule hakunikosea. Nilikaa nyuma yake karamu nzima nikimtazama anavyopiga vigelegele mikono imegandamana mbavuni, na nilikula wali wangu kwa raha.

Na tukaanza kutembea. Hilo lilitoka kwenye hasira pia, sitadanganya. Asubuhi moja nilimwambia yaya: kama njia ya ziwa imefungwa, mji haujafungwa, kaa kwenye kinga. Alikataa. Nikamwambia nitamsukuma na kiti chake cha nyumbani kama hataki. Akapanda amenuna.

Siku ile tulifika uwanja wa mpira tu, tukarudi. Lakini uwanja wa mpira alfajiri si ule wa jioni. Umande ulikuwa bado kwenye majani, na katikati ya goli na goli walikuwa wamejaa ndege wakubwa wenye midomo mirefu iliyopinda, wanachoma udongo kutafuta wadudu, hawajali mtu. Yaya akafunga breki. Akasema wanatembea kama wazee wanaotafuta sarafu iliyodondoka. Lilikuwa neno lake la kwanza refu baada ya siku nyingi.

Kesho yake tulikwenda mbali zaidi. Wiki iliyofuata tulifika kwenye mikalitusi ya misioni, ambako popo hurudi kulala wakati watu wanaamka, wanagombania matawi, wanatukanana. Tukagundua kwamba nyuma ya matanuri ya matofali kuna kidimbwi kilichotokana na kuchimba udongo, na humo yamemea maua ya buluu ambayo hakuna aliyeyapanda. Tukaenda hadi karibu na mto Mutambala, kwenye mashamba ya mpunga, ambako ndege weupe wanawafuata wakulima nyuma kama wanadai kitu. Wageni wakija Baraka wanaona vumbi, moto na magari makubwa meupe ya mashirika. Nami nilikuwa sijui zaidi yao, miaka yote hiyo. Mtu anayetembea mwendo wa kinga ya mikono anauona mji kwa kipimo kingine, kwa sababu kila shimo lazima uliangalie, na ukiangalia shimo unaona na kilicho kando yake.

Halafu watu wakatufuata. Wa kwanza alikuwa jirani yetu mjane, mwenye magoti mabovu, ambaye alisema amechoka kukaa kama kabati. Akaja mama mmoja ambaye daktari alimwambia atembee la sivyo sukari itammaliza, naye aliona aibu kutembea peke yake bila ndoo wala mzigo, watu wasije wakadhani amerukwa na akili. Akaja mwingine mwenye mimba kubwa. Yaya akaweka sheria moja: mwendo ni wa yule anayechelewa kuliko wote, na atakayetangulia arudi nyumbani akakimbizane na mbuzi wake. Hatukuwa na viatu vya maana. Hatukubeba kitu. Tukifika tulikokusudia tunakaa, tunatazama, tunasemana kidogo, tunarudi kuwasha moto wa chai. Ilikuwa starehe ambayo hakuna aliyewahi kutuambia kuwa ni halali yetu.

Wenzangu walikuwa wanatazama ndege, mimi nilikuwa natafuta njia ya kumwangusha mtu. Kila safari, hata tuwe tumekwenda upande wa barabara ya Lweba, nilihakikisha tunarudi kwa kupita mbele ya geti la nyumba yake, upande wa barabara, wanawake wanne na kinga moja, tukiongea kwa sauti. Yaya aliwahi kuniuliza kwa nini tunazunguka hivi wakati njia fupi ipo. Nilimwambia huku kuna kivuli. Hakukuwa na kivuli.

Mvua ndizo zilizonipa nilichokitafuta. Asubuhi moja mjane alikuja kutembea na kanga iliyoloa mpaka kiunoni. Maji yote ya avenyu tangu zamani yalikuwa yanashuka kwa mtaro ulio kando ya ile njia mpaka ziwani. Sasa yakifika kwenye kizingiti yanakutana na simenti, yanarudi, yanaingia kwake. Alikuwa amekesha anachota maji chini ya kitanda kwa sufuria. Nilimhurumia, na chini ya huruma ile nilifurahi, kwa sababu papo hapo niliiona salongo.

Salongo, kwa asiyeijua, ni kazi ya wote. Jumamosi asubuhi maduka yanafungwa, moto zinasimama, kila parseli inatoa mtu mwenye jembe au panga au fagio. Kwenye avenyu yetu shefu anasimama na daftari, anaita parseli moja moja, na mtu wa parseli anaitika "prezan", yaani nipo. Asiyeitika anatozwa faini. Kinachofuata ndicho watu wa nje hawakijui: shefu haamui kazi peke yake. Anauliza leo tufanye nini, na waliopo ndio wanaosema. Matajiri hawaji, wanatuma mtu. Aliyetumwa anaitika kwa ajili ya parseli ya bwana wake, na kazi atakayoifanya ni kazi ya bwana, hakuna ubishi. Lakini kusema hasemi. Kwetu tunasema aliyetumwa salongo amekuja na mikono, kinywa kimebaki kwa patro, bosi wake.

Yule bwana, tangu apate boti ya pili, hakuonekana salongo hata siku moja. Anatuma wafanyakazi wawili wa boti, na anafikiri amemaliza. Lilikuwa kosa lake, na lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote, Jumamosi baada ya Jumamosi, wala sikuliona.

Nilijitayarisha kama mtu anayeandaa harusi. Nilipima upana wa kinga ya yaya kwa futi yangu ya kushonea, nikaandika kwenye ganda la kiberiti. Nikawapa wenzangu watatu wa matembezi neno moja moja la kusema, si zaidi. Yaya sikumwambia. Watu wenye ulemavu hawaitwi salongo, naye angekuwa nyumbani anapepeta mchele.

Jumamosi ile shefu aliita majina. Parseli ya yule bwana ilipoitwa, yule mtu wa Ubwari aliitika "prezan" kwa sauti yake ndogo, na mwenzake akainua mkono. Shefu akauliza kazi. Mjane akasema maji yanalala chini ya kitanda chake. Wa pili akasema mtaro umezibwa pale chini ya mlango wa chuma. Wa tatu, na tumbo lake mbele, akasema njia ile mpaka majini imekuwa ikifyekwa na salongo tangu yeye ni msichana, kama kuna anayekumbuka vingine aseme. Hakuna aliyesema. Mimi niliinama nikawa nafunga kamba ya kiatu. Shefu alinitazama mimi, hakuwatazama wao. Akajifuta jasho, na baridi ya asubuhi ilikuwa bado. Nadhani alifikiri kidogo akaona kwamba kazi ya salongo haina mtu mmoja wa kumshitaki. Akasema mtaro na njia, mpaka majini.

Avenyu ina baramini mbili, yale mavyuma marefu mazito ya kuvunjia mawe. Moja ilichukuliwa na fundi matofali. Ya pili niliishika mimi mwenyewe, nikatembea nayo mpaka kwa yule mtu wa Ubwari, nikampa.

Alitazama mlango, akanitazama. "Mama, ni hapa?"

"Ni hapa salongo imesema," nikamwambia.

Alivunja. Alikuwa na nguvu, na simenti ilikuwa ya bei nafuu, bwana alibania hata pale. Ndani ya nyumba redio ilikuwa ikitangaza habari, na tulipoanza kugonga tukasikia inaongezwa sauti, maana salongo ni kelele za watu wadogo. Chini ya saa moja kizingiti kilikuwa kifusi. Mlango wa chuma ulitolewa kwa heshima ukaegemezwa ukutani, bawaba zake zikafungwa kwenye karatasi. Mtaro ukazibuliwa, ukafunikwa kwa mawe bapa ili gurudumu lipite juu na maji yapite chini. Nikatoa futi yangu mbele ya watu wote nikapima. Ilitosha kinga moja na nusu.

Bwana alitoka amevaa kandambili, taulo shingoni. Aliuliza nani amevunja mlango wake. Shefu, Mungu ambariki, siku hiyo aliamka mwanaume. Alifungua daftari, akaweka kidole.

"Parseli yako iliitika prezan, Papa. Ni wewe umevunja."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilimtazama usoni, sikukwepa, nikaona anavyolitazama daftari, kisha mlango, kisha daftari tena. Jamani, ule utamu! Nimekula vitu vizuri maishani mwangu, nimeshiba mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma wa siku za raha, lakini hakuna kilichowahi kunikaa tumboni vizuri kama uso ule. Aliingia ndani. Redio ikazimwa. Mimi nikaenda nyumbani nikalala usingizi wa mchana, jambo ambalo silifanyi.

Yaya nilimwambia jioni. Alifurahi, akanishika mkono, akasema asante mudogo wangu. Kisha akauliza nani alivunja. Nikasema salongo. Akauliza mikono ya nani. Nikasema ya watu, na nikaenda kutazama maharage.

Jumapili tulishuka ziwani, sisi wawili, baada ya miezi saba. Pale mlangoni nilipunguza mwendo. Nilimsukuma polepole kabisa, nikakohoa, nikasimama kurekebisha mnyororo ambao haukuwa na kasoro, nikisubiri atoke aone. Hakutoka. Yaya akasema twende. Tulipofika majini alifunga breki, akaanza kulia na kucheka pamoja, akanyoosha mikono maji yamguse. Aliniambia kitu kuhusu ndege, sijui nini. Nilikuwa nimegeuka, mgongo kwa ziwa, natazama dirisha la yule bwana kama pazia litasogea.

Jumatano walikuja wale wafanyakazi wawili. Walikaa kibarazani kwetu kwenye benchi la wateja, wakasalimia kwa adabu, wakauliza afya ya kila mtu. Kisha yule wa Ubwari akasema wamefukuzwa tangu Jumamosi. Mwenzake alikuwa anakwenda kwa shemeji yake Kilembwe kulima. Yeye hakuwa na pa kwenda, watoto wako hapa, na mwenye boti mmoja akimfukuza mtu wengine hawamchukui. Hakuja kuomba. Alitaka tu kuuliza.

"Mama, ile saa ulinipa baramini, ulijua atatufukuza?"

Ningeweza kusema uongo, ninaujua vizuri. Lakini yaya alikuwa pale, sindano mkononi, na hakuwa anashona tena.

"Nilijua," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Wakashukuru kwa maji ya kunywa, wakaondoka. Nilianza kusema haraka haraka kwamba kosa si letu, kwamba aliyewafukuza ni yule mnyama, kwamba sasa ndio dunia nzima itamjua alivyo, kwamba kesho nitakwenda tena kwa shefu na wanawake wote wa avenyu, na safari hii nitamfanya auze hata boti. Nilisema mengi. Yaya alinisubiri nimalize.

"Yule alinibeba," akasema. "Alinibeba mara tatu, na alikuwa anaogopa."

Akachoma sindano kwenye kitambaa.

"Mi nilikuwa nataka kuona maji. We ulikuwa unataka kumuona yeye."



Alfajiri niliamka kwa swala nikakuta kinga haipo. Nilitoka na kanga ya kulalia. Kwenye udongo uliolowa kulikuwa na mistari mitatu ya magurudumu, imekwenda moja kwa moja, haikuyumba. Nilimwona kwa mbali, amesimama pale palipokuwa na mlango, na yule bwana mbele yake katika zile kandambili. Sikusogea. Nilitamani kusikia, nikatamani pia amtukane yaya, ndiyo, nilitamani amtukane ili nipate haki ya kuanza upya. Hakumtukana. Aliinama kumsikiliza, maana ukisimama unaongea na mtu wa kinga lazima uiname. Waliongea muda wa kuchemsha chai. Kisha nilimwona anakubali kwa kichwa mara moja, hivi tu, bila shida, na yaya akaweka mkono kifuani kumshukuru. Halafu akashika pedali na akashuka ziwani peke yake, juu ya mawe bapa, mikono inazunguka.

Mtu wa Ubwari alirudishwa kazini siku ile ile. Yule wa Kilembwe alitumiwa ujumbe, akarudi baada ya wiki. Hilo ndilo sijamsamehe yule bwana mpaka leo. Kizingiti nilikivunja, neno lake nililirudisha mara mbili. Lakini alilifanya lile jambo vizuri, mbele ya yaya wangu, kwa kuombwa mara moja na mtu ambaye yeye mwenyewe alimcheka, na kuniacha mimi nikiwa ndiye mbaya wa avenyu. Nimelitafutia dosari. Natafuta bado.

Aliporudi asubuhi ile yaya alikuwa ameloa mpaka viwiko, na jasho, na uso wake ulikuwa mpya. Alikunywa chai vikombe viwili. Alinieleza habari za viboko wawili waliolala kwenye matete, kwamba mmoja alipiga mwayo. Nilimwambia kesho nitamsukuma twende tuwaone. Akanishika bega, kwa upole, si kwa hasira, ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Kesho we lala, mudogo. Njia iko sawa. Mikono yangu inatosha."

Sasa anakwenda na mjane, na yule wa sukari, na yule aliyejifungua, mtoto mgongoni. Mwendo ni wa anayechelewa. Hawazunguki tena kupita mbele ya geti lake. Wananialika kila mara, na kila mara nasema nina nguo za wateja. Saa kumi na moja alfajiri nasikia mnyororo unapita chini ya dirisha langu, kisha nasikia yule bwana anamwamkia yaya na yaya anaitikia. Nami nakuwa nimesimama nyuma ya mlango tayari, nimevaa viatu na kamba nimefunga, kabla sijakumbuka kwamba hakuna wa kumsukuma.